Sikio la Kufa Halisikii Dawa? Maficho ya Bakteria katika Maradhi Sugu ya Sikio

Utangulizi

Neno magadi katika Kiswahili ni jina la chumvi ya kuchimbwa ambayo mpishi huitia chunguni ili maharagwe yaive upesi, na ambayo mtengenezaji wa ugoro huichanganya na tumbaku ili kuiongezea ukali. Kusini mwa Kenya, katika Kaunti ya Kajiado, neno hilo limekuwa jina la ziwa na la mji. Ziwa Magadi limelala katika sakafu ya Bonde la Ufa, yapata kilomita 110 kutoka Nairobi. Kampuni ya kuchimba magadi ilianzishwa huko mwaka wa 1911, na hadi leo uso wa ziwa hilo ni sakafu nyeupe ya chumvi inayometameta juani. Kipimo chake cha pH hukaribia 10, na baadhi ya chemchemi zinazolilisha ni za moto kiasi cha kumbabua anayezigusa.

Mgeni anayelitazama ziwa hilo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba hakuna kiumbe awezaye kuishi humo. Lakini wamo. Ngege mdogo aitwaye kisayansi Alcolapia grahami huogelea katika vidimbwi vya kando ya ziwa ambavyo joto lake hufikia nyuzi 40 na zaidi. Samaki wengi hutoa taka za mwili kwa njia ya amonia. Katika maji makali kama hayo amonia haitoki kwa urahisi, na ingemsumisha. Kwa sababu hiyo ngege wa Magadi huigeuza taka hiyo kuwa urea, kama afanyavyo binadamu. Wadogo kuliko samaki huyo ni vijiumbe visivyoonekana kwa macho, kimojawapo kikiwa na jina linalotokana na ziwa lenyewe, Natrialba magadii, ambavyo havistawi ila katika chumvi na ukali wa namna hiyo. Funzo la Ziwa Magadi ni kwamba mahali panapoonekana kuwa pa mauti kwa viumbe wengi huweza kuwa makao ya kiumbe aliyejifunza kuishi hapo.

Funzo hilo linahitajika katika kulielewa jambo jingine ambalo pia hutokea Magadi, Kitengela, mjini Kajiado na kwingineko duniani, nalo ni maradhi ya sikio yasiyopona. Mtoto hutokwa na usaha sikioni. Hupewa dawa, sikio likakauka, na wazazi wakashukuru. Baada ya majuma machache usaha hurudi. Dawa hutolewa tena, na usaha hurudi tena. Mwishowe watu wazima hukata tamaa na kuutaja ule msemo wa wahenga: sikio la kufa halisikii dawa. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba mara nyingi sikio la namna hiyo si la kufa. Ni sikio ambalo dawa yake haikumfikia adui, kwa kuwa adui alikuwa amejificha mahali ambapo pangepaswa kuwa kaburi lake, yaani ndani ya seli za mgonjwa mwenyewe.

Sikio na ugonjwa wake

Wataalamu huligawa sikio katika sehemu tatu. Sikio la nje ni lile linaloonekana pamoja na tundu linaloingia ndani hadi kwenye kiwambo, yaani ngoma ya sikio. Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye hewa, ambacho ndicho sikio la kati. Humo mna vifupa vitatu vidogo, nyundo, fuawe na kikuku, vinavyopokezana mtikiso wa sauti. Sikio la ndani ndilo linalougeuza mtikiso huo kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo.

Sikio la kati limeunganishwa na sehemu ya nyuma ya pua kwa mrija mwembamba uitwao mrija wa Eustachio. Kwa mtoto mdogo mrija huu ni mfupi na umelala karibu sawa na ardhi, hivyo viini vya mafua hupanda kwa wepesi kutoka puani hadi sikioni. Usaha hujikusanya nyuma ya kiwambo, mtoto hulia kwa maumivu, na wakati mwingine kiwambo hutoboka. Maumivu hupungua papo hapo, na jambo hilo huwahadaa wazazi. Mara nyingi kiwambo hujiziba chenyewe. Kisipojiziba, na usaha ukaendelea kutoka kwa majuma mawili au zaidi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huihesabu hali hiyo kuwa ugonjwa sugu wa sikio la kati.

Hapa inafaa dhana moja isahihishwe. Miongoni mwa Wamaasai, ambao ndio wenyeji wa Kajiado, kutoboa na kupanua ndewe za masikio ni pambo la tangu jadi, na kuna wageni wanaodhani kwamba usaha wa sikio unatokana na desturi hiyo. Kidonda cha ndewe huweza kuingia uchafu kama kidonda kingine chochote, lakini ndewe ni nyama ya nje na haina njia ya kufika kwenye sikio la kati. Ugonjwa unaozungumzwa hapa huanzia puani na kooni, na humpata mtoto wa mjini kama umpatavyo mtoto wa malishoni.

Ukubwa wa tatizo hili si wa kupuuzwa. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka wa 2004 ilikadiria kwamba watu kati ya milioni 65 na milioni 330 duniani walikuwa na masikio yanayotoka usaha, na kwamba asilimia 60 kati yao walikuwa wamepungukiwa na uwezo wa kusikia kwa kiwango cha kuwadhuru. Nchini Kenya, wanafunzi 5,368 wa shule za msingi walipimwa katika iliyokuwa Wilaya ya Kiambu mwaka wa 1992, na asilimia 1.1 wakakutwa na ugonjwa huu. Asilimia hiyo huonekana ndogo mpaka ihesabiwe kwa vichwa: katika kila watoto mia moja walioketi darasani, mmoja alikuwa na sikio linalovuja.

Kwa wapenzi wa lugha, hasara yake ni dhahiri. Mtoto wa Magadi huzungumza Kimaasai nyumbani, akakutana na Kiswahili na Kiingereza shuleni. Anajifunza lugha hizo kwa kuzisikia. Sikio la kati lililojaa usaha hupunguza sauti, na zinazopotea kwanza ni konsonanti dhaifu kama vile f, s, p, t na k. Mtoto asiyeweza kutofautisha saa na faa, au kata na pata, huonekana mzito wa kuelewa, akakaripiwa kwa uzembe asio nao. Tena ugonjwa usipotibiwa huweza kuula mfupa ulio nyuma ya sikio, kupoozesha mishipa ya uso, au kupenya hadi kwenye ubongo na kusababisha kifo.

Seli mlaji na kifuko cha mauti

Ili kuelewa jinsi bakteria wanavyojificha, ni sharti kwanza ieleweke jinsi mwili unavyowaua. Mwaka wa 1882, huko Messina nchini Italia, mwanasayansi mzaliwa wa Dola ya Urusi, Elie Metchnikoff, alichoma miiba midogo katika mwili mwangavu wa kiluwiluwi cha kiti cha pwani. Kesho yake alikuta seli nyingi zimeuzunguka mwiba kana kwamba zinataka kuumeza. Kutokana na jaribio hilo alieleza kwamba mwili una seli zenye kazi ya kuwala wavamizi. Kwa ugunduzi huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1908, akishirikiana na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Miongoni mwa seli hizo imo makrofaji, yaani seli mlaji. Makrofaji inapokutana na bakteria humzingira kwa utando wake na kumfungia katika kifuko kidogo ndani ya mwili wake. Kisha vifuko vingine vyenye vimeng'enya vikali huja kuungana na kile cha kwanza. Asidi huongezeka mpaka pH ikashuka kufikia kiasi cha 5 au chini yake. Kemikali za oksijeni zenye nguvu ya kuunguza humiminwa humo. Madini ya chuma, ambayo bakteria wanayahitaji kama mmea unavyohitaji mbolea, huondolewa. Aghalabu bakteria hufa na kumeng'enywa.

Kifuko hicho ni kinyume cha Ziwa Magadi. Ziwa linaua kwa ukali wa magadi, na kifuko kinaua kwa ukali wa asidi. Lakini kama ilivyo ziwani, ndivyo ilivyo kifukoni. Wapo waliojifunza kuishi humo.

Mbinu za mvamizi

Vijiumbe vinavyoweza kuishi ndani ya seli hutumia mojawapo ya mbinu tatu, au huzichanganya. Mbinu ya kwanza ni kutoroka, yaani bakteria hutoboa kifuko na kuingia katika ute wa seli kabla ya vimeng'enya kufika. Mbinu ya pili ni kuzuia muungano. Bakteria huvuruga ishara za seli ili vifuko vya vimeng'enya visiungane na kile alichomo, kama wafanyavyo viini vya kifua kikuu. Mbinu ya tatu ni kustahimili. Bakteria hubadilisha maisha yake ili asidi na njaa visimwue.

Katika maradhi sugu ya sikio, bakteria wawili ndio wanaopatikana mara nyingi zaidi, nao ni Pseudomonas aeruginosa na Staphylococcus aureus. Wa kwanza ni mkazi wa maji na mahali penye unyevunyevu. Wa pili huishi puani na kwenye ngozi za watu wengi bila kuwadhuru. Kiwambo kikiwa kimetoboka, wote wawili huwa na mlango wazi wa kupitia tundu la sikio.

Staphylococcus aureus hujipaka protini ya mwili iitwayo fibronektini, ambayo seli za ngozi ya ndani huitambua kuwa ni yao. Seli hizo si walaji kwa kazi yake, lakini huishika protini hiyo na kumvuta ndani yule aliyejifunika nayo. Ndiyo maana ya mgeni aliyevaa nguo za wenyeji: hufunguliwa mlango na wenye nyumba. Akishaingia, baadhi ya uzao wake hugeuka na kuwa wa aina inayokua polepole, yenye kutengeneza sumu kidogo sana. Sumu ikipungua, seli haifi upesi, na seli isipokufa maficho hubaki salama. Hali ikibadilika, wale wapole hurudia ukali wao, wakapasua seli na kuzaana upya.

Pseudomonas aeruginosa ana silaha ya aina nyingine. Ana chombo mfano wa sindano kinachochoma utando wa seli na kupenyeza protini zinazovuruga nyuzi za ndani zinazoipa seli umbo na mwendo. Mojawapo ya protini hizo humwezesha kukikwepa kifuko cha mauti na kuzaana ndani ya seli. Kwa miaka mingi bakteria huyu alifundishwa katika vitabu kuwa ni mvamizi wa nje tu. Mwaka wa 2016 watafiti waliokuwa na makao yao Miami, nchini Marekani, walichapisha uchunguzi uliofanywa kwa bakteria waliotolewa katika masikio ya wagonjwa. Bakteria hao waliingia ndani ya makrofaji na kubaki hai humo.

Yupo pia Haemophilus influenzae, ambaye huanzisha maambukizi mengi ya masikio ya watoto. Mwaka wa 1994 watafiti wa Uswidi walionyesha kwamba bakteria huyu huishi na kuzaana ndani ya seli za tezi iliyo nyuma ya pua, karibu kabisa na mlango wa mrija wa Eustachio. Adui anayekaa hapo hana safari ndefu. Kila mtoto anapopata mafua, mrija unakuwa barabara yake ya kurudi sikioni.

Zaidi ya maficho ya ndani ya seli, bakteria wana ngome ya nje. Hukusanyika juu ya ngozi laini ya sikio la kati, wakajifunika kwa ute wa kunata walioutengeneza wenyewe. Mwaka wa 2006 watafiti nchini Marekani walichunguza vipande 50 vya ngozi hiyo kutoka kwa watoto wenye maradhi ya sikio yasiyopona au yanayojirudia. Katika vipande 46 walikuta utando wa namna hiyo. Mwaka wa 2011 watafiti wa Perth, nchini Australia, waliona mambo mawili katika vipande vya ngozi ya masikio ya watoto: utando juu ya seli, na bakteria ndani ya seli. Kwa hiyo adui ana ukuta nje na handaki ndani.

Jinsi maficho yanavyothibitishwa

Msomaji anaweza kuuliza jinsi watafiti wanavyojua kwamba bakteria wamo ndani ya seli wala hawajajibandika nje yake. Njia iliyozoeleka ni rahisi kuieleza. Seli za binadamu hukuzwa katika chombo cha maabara na bakteria wakaongezwa. Baada ya saa chache humiminwa dawa ya jentamaisini, ambayo ina nguvu ya kuwaua bakteria hao lakini hupenya ndani ya seli kwa shida sana. Wote walio nje hufa. Kisha dawa huoshwa, seli zikapasuliwa, na kilichokuwamo kikapandwa juu ya chakula cha bakteria. Kikiota, ni dhahiri kwamba kilikuwa kimejihifadhi ndani.

Jaribio hili lina maana mbili. Kwa mtafiti, ni kipimo cha kuhesabu waliojificha. Kwa tabibu, ni onyo, kwa kuwa dawa ileile inayosifiwa katika maabara kwa kutoingia ndani ya seli huweza kutiwa katika sikio la mgonjwa ambaye adui zake wamo ndani ya seli.

Liko jambo la pili linaloongeza uzito wa onyo hilo. Mwaka wa 1944, daktari Joseph Bigger wa Dublin, nchini Ireland, aliona kwamba penisilini iliua karibu bakteria wote wa Staphylococcus katika chupa, lakini wachache sana walibaki. Alipowaotesha wachache hao, uzao wao uliuawa na penisilini kama kawaida. Hawakuwa wamepata usugu wa kurithi. Walikuwa wamelala tu. Penisilini huua bakteria anapojenga ukuta wa mwili wake, na asiyejenga hana pa kushambuliwa. Bakteria aliye ndani ya kifuko chenye njaa na asidi ana kila sababu ya kulala namna hiyo. Ndiyo maana usaha uliopimwa maabara huweza kuonyesha kwamba dawa fulani inafaa, na bado mgonjwa asipone. Maabara imempima bakteria aliye macho, na aliyebaki sikioni ni yule aliyelala.

Funzo kutoka kwa majirani

Wakazi wa Kajiado wana mifano miwili iliyo karibu nao ya maradhi ya viini vinavyoishi ndani ya seli. Wa kwanza ni bruselosi, ugonjwa unaowafanya ng'ombe na mbuzi kutupa mimba, na unaompata binadamu kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kumshika mnyama anayezaa bila kinga. Kiini chake, Brucella, huingia ndani ya makrofaji na kuzaana humo. Ndiyo sababu homa yake huja na kuondoka kwa miezi, na ndiyo sababu tiba yake haiishi kwa siku tano. Mgonjwa humeza doksisaiklini kwa majuma sita, ikiambatana na dawa nyingine.

Mfano wa pili ni trakoma, ugonjwa wa macho unaoleta upofu, ambao katika miaka ya 2000 Kajiado ilitambuliwa kuwa miongoni mwa sehemu za Kenya zilizoathirika. Kiini chake, Chlamydia trachomatis, hakiwezi kabisa kuzaana nje ya seli. Dawa inayotumika kukikabili kwa umma ni azithromaisini, ambayo sifa yake kubwa ni kwamba hujikusanya ndani ya seli kwa wingi kuliko ilivyo katika damu.

Mifano hii inaonyesha mambo mawili. Kwanza, adui wa ndani hushindwa kwa dawa inayoingia ndani. Pili, hushindwa kwa dawa inayotumiwa kwa muda wa kutosha, hata baada ya dalili kutoweka. Sikio halina budi kupewa haki hiyo hiyo, ingawa dawa zake si zile za bruselosi wala za trakoma.

Tiba inayofika mahali pake

Ushahidi kuhusu tiba ya sikio sugu haukutoka mbali. Mwaka wa 1996 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watoto 524 wa shule za msingi za Kiambu. Kundi moja lilikaushwa masikio kwa utambi mkavu tu. Kundi la pili lilikaushwa na kupewa dawa za kuua bakteria, za kumeza na za matone, pamoja na matone ya kupunguza uvimbe. Kundi la tatu halikupewa tiba hiyo katika muda wa jaribio. Katika kundi lililopata dawa, usaha ulikoma kwa asilimia 51. Katika kundi la utambi peke yake ulikoma kwa asilimia 22, sawa na lile ambalo halikutibiwa. Kwa maneno mengine, kukausha bila dawa hakukutosha.

Mwaka wa 2005 yalichapishwa matokeo ya jaribio jingine la Kenya, lililohusu watoto 427 kutoka shule 141. Matone ya siprofloksasini yalilinganishwa na matone ya asidi ya boriki katika alkoholi. Baada ya majuma mawili, usaha ulikuwa umekoma kwa asilimia 59 ya waliopewa siprofloksasini, na kwa asilimia 32 ya wale wengine.

Zipo sababu zinazoifanya siprofloksasini kufaa. Dawa ya matone hufika sikioni ikiwa na nguvu maradufu nyingi kuliko ile iliyomezwa na kusambazwa na damu mwili mzima. Dawa za jamii hiyo, tofauti na penisilini na jentamaisini, huingia ndani ya seli kwa urahisi. Tena, tofauti na jentamaisini, hazijulikani kuwa na sumu kwa sikio la ndani, jambo ambalo ni muhimu pale kiwambo kinapokuwa na tundu. Hata hivyo, takwimu hizo hizo zinakumbusha kwamba wapo watoto ambao hata dawa bora haikuwakausha. Ukuta wa ute, bakteria waliolala, mafua yanayojirudia na tundu lisilojiziba hushirikiana, na maficho ya ndani ya seli ni sehemu moja ya ushirika huo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotumika katika zahanati unaeleza hatua ambazo mzazi anaweza kuzifuata nyumbani baada ya mtoto kuchunguzwa. Kitambaa safi kinachonyonya maji, au karatasi laini iliyo imara, husokotwa kuwa utambi. Utambi huingizwa katika tundu la sikio, ukalowa, ukatolewa na kutiwa mwingine mkavu, mpaka sikio likauke. Ndipo matone hutiwa. Hufanywa hivyo mara tatu kwa siku, kwa siku 14. Mtoto hurudishwa kwa mhudumu baada ya siku tano ili aangaliwe. Kosa linaloharibu tiba ni kuacha pale usaha unapokoma siku ya nne au ya tano. Siku hiyo walioisha ni wale wa nje tu.

Aidha, hakuna kinachopaswa kutiwa sikioni pasipo agizo la tabibu, yakiwa mafuta, maji ya majani, au njiti ya kiberiti. Sikio lenye tundu halipaswi kuingiwa na maji, yawe ya kuoga au ya bwawa la mifugo, kwa kuwa maji ndiyo makao ya Pseudomonas. Chanjo za watoto zinazokinga dhidi ya pneumokoka, ambazo Kenya ilianza kuzitoa kwa watoto wote mwaka wa 2011, husaidia kupunguza maambukizi ya awali yanayofungua mlango. Mtoto ambaye sikio lake halikauki baada ya tiba kamili, au mwenye uvimbe nyuma ya sikio, kizunguzungu, kichwa kikali au uso uliopinda, apelekwe hospitali yenye wataalamu wa masikio, pua na koo bila kukawia. Kuna aina ya ugonjwa huu ambayo ngozi huota ndani ya sikio la kati na kula mifupa, nayo hutibiwa kwa upasuaji.

Hitimisho

Wahenga waliposema kwamba sikio la kufa halisikii dawa, walimkusudia mtu asiyesikia maonyo hata yakamfika ya kumfika. Hawakutoa hukumu juu ya masikio ya watoto. Hukumu hiyo ilitolewa na waliokuja baadaye, walipouchukua msemo wa tabia na kuufanya utabiri wa tiba. Methali inayolifaa zaidi sikio linalovuja ni nyingine: kikulacho ki nguoni mwako. Bakteria aliyemezwa ili afe amekaa katika tumbo la mlinzi, akisubiri siku ambayo chupa ya matone itawekwa rafuni kabla ya wakati.

Umbali kutoka Magadi hadi kwa mtaalamu wa masikio ni mrefu, na mzazi aliyelipa nauli mara mbili akarudi na sikio lile lile hana sababu ya kulaumiwa kwa kukata tamaa. Anachostahili ni maelezo. Akielezwa kwa lugha anayoielewa kwamba siku ya tano sikio limekauka nje tu, na kwamba siku tisa zilizobaki ni za kumfuata adui ndani ya seli, atakuwa na sababu ya kuendelea. Maelezo hayo hayahitaji mashine wala umeme. Yanahitaji maneno, na Kiswahili kinayo.